Nani Alimuuza Dezmon Tull?

Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, Wenda Sorvari hufanya mambo matatu na hayabadilishi mpangilio. Huchemsha kahawa. Hupaka siagi mkate aliouchoma. Kisha hufungua daftari lake la kijani na kuandika mkimbiaji fulani ameshika mpira mara ngapi tangu aanze kucheza, na mara ngapi ameangushwa.

Jumamosi ile aliishia kwenye siagi.

Mlango ulipigwa ngumi tatu, picha ikaanguka ukutani, na hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, kisu mkononi, akisikiliza sauti ya nje: "Fungua, mwizi wewe!"

Alifungua. Mgongaji alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

"Umemuuza Tull!" Royce Sorvari aliingia bila kukaribishwa, viatu vyake vya tope hadi kwenye zulia. Ana miaka thelathini na mitano, anauza boti, na sauti yake anaitumia kana kwamba wateja wote wako ng'ambo ya Ziwa Superior. "Naamka, nafungua simu, timu ya Baba haina Tull! Nikasema bado naota!"

"Shusha sauti, Royce. Watu wamelala."

"Waamke! Wajue wanakaa na kichaa!"

"Mimi sitaki ugomvi."

"Hutaki ugomvi? Umemtoa mkimbiaji bora wa nchi hii, ukapewa nini? Mtoto asiyejulikana hata na mama yake!"

"Anaitwa Isaiah Poe."

"Hata angeitwa Musa!"

Ewe msomaji uliyejiunga nasi leo, sikiliza upesi kabla hawajavunjiana vikombe. Hawa ni watu wa Duluth, Minnesota, na ugomvi wao ni mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi huku majitu yakikufuata. Wanaume kumi wana ligi yao ya kwenye simu. Wachezaji ni wa kweli, timu ni za kubuni: mchezaji wako akikimbia kweli uwanjani Jumapili, wewe unapata pointi. Na ligi yao ni ya kudumu. Ukishamchukua mchezaji ni wako mwaka hadi mwaka, mpaka umuuze au miguu yake ife mikononi mwako.

Ndiyo maana swali moja linawagombanisha kuliko yote: mkimbiaji huyu amebakiza miaka mingapi?

Mzee Arvo Sorvari, baba yao, ana vikombe vitatu vya ligi hiyo. Wanaume wamempa jina: Jicho la Arvo. Wanasema akimtazama mkimbiaji mara moja anajua goti litachoka lini.

Uongo mtupu.

Jicho ni la Wenda. Tangu akiwa na miaka kumi na saba, yeye ndiye anayehesabu, yeye anayesema huyu mchukue, yule mwondoe, na Arvo hubeba maneno hayo mezani kama yake. Mwanzoni msichana alifurahi kuaminiwa. Baadaye bandari ya madini ilimpunguza Arvo kazini, na Wenda akaona kwamba jina lile ndilo kitu pekee kilichobaki cha kuwafanya wanaume wamvulie kofia baba yake. Akanyamaza. Amenyamaza miaka kumi na minne.

Sasa magoti ya Arvo hayataki tena barafu. Anahamia Arizona, na kanuni haimruhusu mtu kuchezea timu akiwa mbali. Mwezi uliopita alimshika binti yake mkono akamwambia, "Timu ni yako. Siku ya mkutano nitasimama niwaambie wote kazi ilikuwa ya nani."

Siku ya mkutano ilikuwa hiyohiyo Jumamosi.

"Saa sita, gereji kwa Denny," Royce alisema, akichukua mkate wa dada yake na kuuma. "Natoa hoja biashara ifutwe. Unaikumbuka kanuni ya saba, au kwenye kidaftari chako haimo?"

Wenda aliikumbuka.

"Timu inaguswa na mwenye timu peke yake," Royce alikariri huku akitafuna. "Akibonyeza simu mtu mwingine, biashara inafutwa, na huyo mtu haruhusiwi kumiliki timu maisha. Maisha, Wenda! Na mimi najua jana jioni ulikuwa jikoni kwa Baba."

"Baba alikuwepo."

"Alikuwepo au alibonyeza?"

Wenda aliweka kisu chini. Jana jioni Arvo alimsukumia simu mezani, kama alivyofanya mara mia, akasema, "Fanya unavyoona, binti." Kisha akaenda kutazama televisheni.

"Nimekushika," Royce alisema. Akauacha mkate uliobaki juu ya daftari, siagi chini, akatoka.

*

Gereji ya Denny Pelto ilikuwa imejaa. Denny ni binamu yao, mwenyekiti wa ligi, na pia ndiye aliyemnunua Tull, kwa hiyo uso wake siku ile ulikuwa wa mtu aliyeshinda bahati nasibu kanisani. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa ya kuchagulia wachezaji. Mzee Gunnar Lofthus, postamasta mstaafu, alipita akigawa supu ya mchele mwitu na soseji huku amevaa gauni la harusi, maana msimu uliopita alishika mkia na hiyo ndiyo adhabu yao.

"Chukua soseji, mama," alimwambia Wenda. "Usiniangalie kiunoni, zipu imegoma."

Hakuna mwingine aliyemsemesha. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Arvo alikaa kiti cha mbele, kofia magotini. Wenda alimtafuta kwa macho. Arvo akamkonyeza, kama zamani, na moyo wa binti ukatulia kidogo. Atasema. Leo atasema.

"Nina hoja!" Royce, asiye na timu lakini anayeitamani ya baba yake, alianza kabla kiti chake hakijapata joto. "Jana timu ya Baba imempeleka Dezmon Tull kwa Denny. Tull! Mwaka jana amekimbia yadi elfu moja na mia saba. Ana miaka ishirini na sita tu. Badala yake tumepewa Isaiah Poe, mtoto wa miaka ishirini na mmoja ambaye chuoni alikuwa akikalia benchi, pamoja na zamu mbili za kuchagua wachezaji wapya mwakani. Mtu mwenye akili anafanya hivyo?"

"Mimi nilipoiona ofa nilibonyeza mpaka kidole kikauma," Denny alisema, na gereji ikacheka.

"Hakuifanya Baba," Royce aliendelea. "Ameifanya huyu hapa."

Vichwa tisa vikageuka. Wenda alitamani gauni la Gunnar limfunike.

Denny alikunja uso wa mwenyekiti. "Wenda, hebu tuambie. Wewe uko kwenye biashara hii kwa namna gani?"

"Mimi... naweza kueleza tu kwa nini ni biashara nzuri."

"Eleza basi. Hatuna siku nzima, soseji zinapoa."

Alisimama. Sauti ilianza ndogo kama ya mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Mkimbiaji hazeeki kwa siku za kuzaliwa. Anazeeka kwa kugongwa. Tull amebebeshwa mpira tangu sekondari. Nimehesabu, mara elfu mbili na mia tisa. Mwaka jana peke yake, mara mia tatu tisini na moja. Katika wote niliowahi kuwahesabu, waliopita mia tatu na sabini kwa msimu mmoja ni kumi na tisa. Waliorudi wakiwa walewale mwaka uliofuata ni watatu."

"Atakuwa wa nne!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Mwangalieni anavyoinuka," Wenda alisema, na sauti ikapata miguu. "Mwaka juzi akiangushwa alikuwa anaruka. Mwaka jana anaweka kiganja cha kushoto, halafu goti, halafu anatazama benchi. Poe hajachoka. Chuoni alikaa nyuma ya mwenzake, kagongwa mara mia tatu arobaini tu. Na anadaka pasi. Mkimbiaji anayedaka pasi anakutana na wagongaji wachache, kwa hiyo anadumu."

Mzee mmoja aliacha kutafuna.

"Maneno mazuri sana," Royce alisema taratibu. "Ila sisi hatukuuliza goti. Tumeuliza kidole. Nani alibonyeza?"

Denny alimgeukia mzee. "Arvo. Wewe ndiye mwenye timu. Ulibonyeza wewe?"

Arvo alikohoa. Akamtazama binti yake, akaitazama kofia yake, akanyoosha mgongo.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Gunnar alipiga kofi juu ya gauni. Wenda aliketi tena. Kauli moja tu ya baba, na timu imepona, na ile ya pili, aliyoahidiwa, iko njiani.

"Basi kama Jicho la Arvo limeona," Denny alisema, akianza kuingiwa na wasiwasi juu ya mchezaji wake mpya, "labda mimi ndiye niliye..."

Hapo simu zikalia. Zote kwa mpigo, mifukoni, mezani, ndani ya gauni la harusi.

Denny alikuwa wa kwanza kusoma. Akaruka juu.

"Tull ametia saini! Miaka minne! Klabu yake imempa mkataba mnono kuliko wa mkimbiaji yeyote waliyewahi kuwa naye! Miaka minne, jamani!"

Gereji ililipuka. Watu walipiga meza. Denny alilibusu tangi la bia. Na kicheko kikamgeukia mzee.

"Arvo! Umemuuza Tull usiku wa kuamkia mkataba!"

"Jicho limeota mtoto wa jicho!"

"Nenda Arizona, mzee, ukamuuzie mtu mchanga wa jangwani!"

Arvo alicheka nao kidogo. Kisha hakucheka. Mikono iliigeuza kofia, ikaigeuza tena.

"Someni chini!" Wenda alipaza sauti. "Mstari wa tatu! Fedha za uhakika ni za mwaka mmoja tu. Iliyobaki wanaweza kuikata wakitaka. Hata klabu yenyewe haiamini miaka minne. Mkataba ni ahadi ya kulipa, si ahadi ya goti kukimbia!"

Hakuna aliyesoma mstari wa tatu. Royce alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha baba yake, sauti yake imelainika kama mafuta.

"Baba. Niambie mimi mwanao. Wewe, Jicho la Arvo, ungemuuza Tull?"

Arvo aliwatazama wanaume wale tisa. Miaka kumi na minne wamemvulia kofia. Leo wanamchekea usoni.

"Hapana," alisema.

"Baba," Wenda alisema.

"Nisingemuuza. Simu... simu ilikuwa mezani. Mimi nilikuwa natazama televisheni." Hakuinua macho. "Ni msichana huyu. Alikuwa anachezeachezea. Nimesema ni mimi kumsitiri tu. Yeye mambo haya hayajui sana, msimchukulie vibaya."

Msomaji wangu, kuna maneno yanayopiga kofi na kuna yanayokufuta. Wenda alishika ukingo wa meza ya soseji.

"Ahaa!" Royce alisimama. "Mwenyekiti, kanuni ya saba!"

Denny alikwaruza kidevu. Kumrudisha Tull kulimuuma kama kung'olewa jino, lakini kanuni aliiandika mwenyewe. "Kanuni ni kanuni. Biashara inafutwa. Tull anarudi kwa Arvo, Poe anarudi kwangu." Alisema jina la Poe kama mtu anayetema kokwa. "Na Wenda Sorvari haruhusiwi kumiliki timu katika ligi hii maisha yake yote. Arvo, mrithi wako ni nani?"

"Royce," mzee alisema, akiiambia kofia.

Makofi. Royce aliinua mikono kama bondia. Kisha akamwendea dada yake, karibu, na hakuongea kwa siri. Alitaka watu wasikie.

"Sasa nikuambie kitu, mdogo wangu, ili kisikuume bure. Tatizo lako unadhani jicho ni hesabu. Daftari limekudanganya. Jicho mtu anazaliwa nalo. Unamkumbuka Terrick Quarles?"

Wenda alimtazama.

"Ulikuwa mtoto. Quarles alikuwa moto wa kuotea mbali. Kila mtu anamtaka. Baba akaingia hapa, papa hapa, akasema namuuza. Watu walicheka kama walivyocheka leo! Mwezi wa Novemba goti la Quarles likasambaratika, na Baba akachukua kikombe cha kwanza kwa wachezaji aliowapata. Hilo ndilo jicho! Halafu akamwokota Osei Draper kwenye zamu ya nne, hakuna aliyemjua, kampa kikombe cha pili. Wewe ungeweza hiyo? Hata ungekaa na madaftari yako miaka mia, kitu kama Quarles usingekiona!"

"Umesema kweli, Royce!" mtu alipokea nyuma.

"Nenda nyumbani, dada. Kapike. Mezani hapa wanakaa wanaojua."

Arvo angeweza kusema wakati huo. Nafasi ilikuwa pana kama ziwa. Alichosema ni, "Mwache dada yako sasa, Royce, yatosha." Akaomba supu.

Gunnar alimletea bakuli, lakini hakumpa. Alisimama nalo, akimtazama Wenda, zipu ikining'inia. "Mwenyekiti," alisema, "kabla hujafunga. Mtu akifukuzwa maisha, nadhani ana haki ya kusema neno la mwisho. Hata mimi mliniacha niseme kabla ya gauni."

"Ana neno gani huyu?" Royce alisema. "Atasema hataki ugomvi!"

Wakacheka tena.

Wenda alisubiri wamalize. Alijua vizuri anachokwenda kufanya. Akinyamaza, amefukuzwa yeye peke yake. Akisema, kanuni ya saba itarudi nyuma miaka kumi na minne, na hakuna kikombe kwenye rafu ya baba yake kitakachobaki salama. Alimtazama Arvo ili ampe nafasi moja ya mwisho. Arvo alikuwa akitafuta kijiko.

"Nimekuwa nikisema sitaki ugomvi," Wenda alianza. "Nilikuwa nadanganya. Nautaka."

Kicheko kilikatika.

"Quarles nilimuuza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa na mtihani kesho yake, na nilimuuza kwa simu ileile, kwenye meza ileile. Draper nilimwona mimi. Kikombe cha tatu pia ni changu. Royce, mtu uliyemsifu sasa hivi ndiye unayemwambia akapike."

"Muongo!" Royce alisema, lakini alikuwa amemgeukia baba yake, na alichokiona kwenye uso wa mzee kilimnyang'anya sauti.

"Mnifukuze, sawa. Mvichukue vikombe, mkitaka," Wenda alisema. Hakuwa akimtazama Denny wala Royce. Alikuwa akimtazama mtu mmoja tu, aliyeshika kofia. "Mimi sikuja kwa ajili ya timu, Baba. Nilikuja kukusikia ukilitaja jina langu mbele ya watu hawa. Litaje."